Pensheni ya Marehemu Ewald

Ochsenfurt, 9 Machi 1986

Mpendwa Volkmar mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo Silke, na kwamba binti yenu Heike anakula vizuri huko chuoni, maana mara ya mwisho nilipomwona alikuwa amebaki mifupa na miwani. Mimi sijambo, ila goti ndilo linaloniamulia lini nipande ngazi. Mto ulipanda wiki iliyopita hadi kwenye ua wa jirani, ukaangalia kilichomo, ukarudi. Kwa Kwaresima nimeacha kahawa, na matokeo yake ulimi umekuwa mkali, kama utakavyoona. Mpangaji wangu wa juu, Alwin, anakusalimu. Amenitengenezea bomba la jikoni.

Nakuandikia kwa ajili ya rafiki yangu mmoja wa kwaya. Ni mjane wa afisa wa reli, kama mimi. Kuna mwanamume anataka kumwoa, naye anauliza: akiolewa, ile pensheni ya marehemu inakuwaje? Nimemwambia ninaye mtoto wa kaka yangu huko Oldenburg ambaye kazi yake ni hiyo tu, kukaa ofisini na kupima uzee wa watu.

Basi mweleze, lakini kwa lugha tunayoongea sisi, siyo ile mnayoandikiana ofisini. Na uanze mwanzo kabisa, maana huyu mwenzangu hajui hata fedha hizo zinatoka mfuko gani.

Shangazi yako,
Roswitha


Oldenburg, 27 Machi 1986

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imenifikia, nami ni mzima. Huku upepo haujatulia tangu Januari. Heike amefaulu mtihani wake wa kwanza na anadai anakula. Silke angekusalimu mwenyewe, lakini yuko Bremen kwa mama yake, ambaye hajisikii vizuri.

Kuhusu rafiki yako. Mtu anapoajiriwa na serikali kwa kiapo, serikali humwambia: nipe umri wako wote wa kazi, usigome, usiwe na bwana mwingine, nami nitakutunza mpaka kaburini, na mkeo baada yako. Ndiyo maana mtumishi wa namna hiyo hakatwi mchango wa uzeeni kwenye mshahara wake kama anavyokatwa fundi au muuza duka. Hakuna sanduku lililowekwa mahali likisubiri. Kila mwaka serikali huwalipa wastaafu wake kutoka kwenye mapato ya mwaka huo huo.

Kiasi chake hutegemea mambo mawili: miaka aliyotumikia na mshahara wa cheo chake cha mwisho, mradi awe amekikalia cheo hicho miaka miwili. Akitimiza miaka kumi anapata theluthi na ushei ya mshahara huo. Fungu linapanda kadiri miaka inavyoongezeka, hadi akifika miaka thelathini na mitano anapata robo tatu. Hapo ndipo mwisho, hata akiendelea kutumikia mpaka meno yaishe. Akifa, mjane wake hupata asilimia sitini ya kile mume alichokuwa akipata, na huendelea kukipata maisha yake yote.

Isipokuwa akiolewa tena. Akiolewa, malipo yanakoma mwisho wa mwezi wa ndoa. Hupewa fungu moja la kumuaga, sawa na malipo ya miaka miwili, kisha jina lake linatoka kwenye orodha. Serikali inahesabu kwamba sasa ana mtu mwingine wa kumlisha. Hii ndiyo sababu nchi hii imejaa wajane wenye wapangaji.

Msalimie mpangaji wako.

Mwanao,
Volkmar


Ochsenfurt, 2 Juni 1986

Mpendwa Volkmar,

Marahaba mwanangu. Nimekaa na barua yako miezi miwili, na sentensi yako ya mwisho nimeisoma kuliko zote. Una adabu mbaya, kama baba yako, Mungu amrehemu. Huku lile wingu la mionzi kutoka Urusi limetuharibia bustani. Nimeng'oa saladi yote nikaitupa, na redio inasema tusiguse uyoga wa msituni mwaka huu. Alwin anakula kila kitu vilevile. Anasema ana miaka sitini na tisa, kwa hiyo kama mionzi ina kazi naye ifanye haraka.

Haya. Rafiki wa kwaya ni mimi, na wewe ulijua tangu mstari wa kwanza.

Mtaani kwetu tuko wajane wanne wa namna hii, kila mmoja na "mjomba" wake. Watoto wanamwita Mjomba Alwin, na hakuna asiyejua kwamba kile kitanda cha juu hakilaliwi. Miaka saba sasa. Alwin ni fundi mapipa, alijiajiri mwenyewe maisha yake yote, na kwenye bima ya uzeeni aliweka kile alichokumbuka kuweka. Anachopata hakitoshi hata kuni za majira ya baridi. Tunaishi kwa pensheni ya Ewald, na usidhani naiona kama zawadi. Miaka ishirini na sita nilifua sare za yule mtu na kuhama naye kutoka stesheni hadi stesheni. Pensheni ile ni jasho langu pia.

Siku ya Pasaka Alwin aliweka uma chini akasema, "Roswitha, nimechoka kula kwa Ewald." Nikamwambia ale tu, Ewald hakuwa mchoyo. Hakucheka. Anataka kuwa mume wangu, si mjomba wa mtaa. Nami nataka, Volkmar. Miaka saba sijapokea komunyo. Nakaa kwenye benchi wenzangu wakipita mbele ya magoti yangu kwenda altareni, nami najifanya natafuta ukurasa wa wimbo. Nataka kuwa mke wa Alwin, na sitaki kupoteza alichoniachia Ewald, maana bila hicho tutakula rangi ya ukuta.

Sasa Padri Kilian, ambaye ni mzee kutuzidi, amesema anaweza kutubariki kanisani mlango ukiwa umefungwa, bila sisi kupita bomani. Amekwisha kuwafanyia wengine. Mbele ya Mungu tutakuwa mume na mke, na kwenye makaratasi yenu tutabaki mjane na mpangaji. Unasemaje?

Shangazi yako,
Roswitha


Oldenburg, 15 Juni 1986

Shikamoo Shangazi,

Asante kwa barua. Mimi ni mzima. Tafadhali tazama anwani mpya nyuma ya bahasha. Nyumba ni ndogo lakini iko karibu na ofisi, naenda kwa miguu. Heike amepata kazi ya kiangazi kwenye duka la vitabu.

Kama afisa wa serikali, ninajua kwamba sheria inamkataza padri kufungisha ndoa kabla ya bomani, ingawa adhabu yake ilishafutwa zamani. Kama mtoto wa kaka yako, ukurasa wa mwisho wa barua yako niliupoteza kabla sijausoma.

Kwa jumla tu, bila kumzungumzia mtu yeyote: serikali haioni kinachofanyika kanisani. Kwa kuwa haioni, haikunyang'anyi kitu. Kwa sababu hiyo hiyo haikupi kitu. Alwin akilazwa hospitali, wewe ni mwenye nyumba wake. Akifa, wewe ni jirani aliyeleta maua. Mtu anayeichagua njia hiyo lazima ajue kwamba ana mume nyumbani na kanisani tu.

Na sharti ni moja, nalo si gumu. Usiseme popote penye muhuri.

Mwanao,
Volkmar


Ochsenfurt, 20 Septemba 1986

Mpendwa Volkmar,

Marahaba. Natumaini u mzima na kwamba hiyo nyumba ndogo haivuji. Zabibu mwaka huu ni nzuri, na goti limenihurumia.

Tumefunga ndoa. Ijumaa ya wiki iliyopita, jioni, baada ya masifu. Padri Kilian alizungusha ufunguo mara mbili, kisha akajaribu mlango kwa bega. Mashahidi walikuwa mtunza kanisa na mkewe. Mtunza kanisa hasikii vizuri, kwa hiyo hata akitaka kusema alichosikia, hana. Alwin alivaa suti ya kijivu iliyokuwa inanuka kabati, na mikono yake ile yenye makovu ya vyuma vya mapipa ilikuwa imesuguliwa kwa sabuni mpaka ikang'aa. Alipoulizwa kama ananitaka, alijibu kwa sauti kubwa mno, Padri akamwashiria apunguze. Tulirudi nyumbani tukala nyama ya kuoka na madonge ya viazi, tukafungua chupa moja, tukalala mapema.

Jumapili niliinuka kwenye benchi langu nikaenda altareni. Wanawake wa kwaya walitazamana. Niliporudi kukaa nililia, sikuona haya. Yule wa sauti ya pili, mwenye "mjomba" wake fundi saa, aliniminya mkono akaniuliza kwa kunong'ona ni saa ngapi Padri huwa hana kazi.

Nina furaha, mwanangu. Nilitaka uisome kwa mwandiko wangu.

Sasa uniambie na wewe. Silke anaionaje nyumba ndogo? Mwanamke aliyekuwa na bustani ile? Barua yako ya mwisho haikuwa na salamu zake.

Shangazi yako,
Roswitha


Oldenburg, 3 Oktoba 1986

Shikamoo Shangazi,

Pokea hongera zangu. Nimefurahi sana kwa ajili yako, na nakuomba umpe Alwin mkono kwa niaba yangu.

Silke hajambo. Kazi ni nyingi, watu wote walioajiriwa wakiwa vijana baada ya vita wanastaafu kwa pamoja.

Barua hii itie kwenye jiko ukishaisoma.

Volkmar


Ochsenfurt, 30 Novemba 1986

Mpendwa Volkmar,

Amani iwe kwako katika Jumapili hii ya kwanza ya Majilio. Huku theluji bado, lakini asubuhi madirisha yameota barafu. Alwin ana kikohozi, nampa asali. Nimeoka biskuti za Noeli, za kwako zinakuja kwa posta, ndogo ni za mdalasini.

Kila mwaka kabla ya Noeli ofisi ya malipo huniletea ile karatasi ya maswali. Kama bado ni hai, kama bado nakaa hapa, kama nimeolewa tena. Miaka yote nimeijaza nimesimama, na jiko limewaka. Mwaka huu imekaa siku nyingi nyuma ya kopo la sukari.

Alhamisi niliitoa nikaiweka mezani. Hai, ndiyo. Hapa hapa, ndiyo. Alwin alikuwa amekaa mbele yangu anamenya viazi. Nilipofika kwenye swali la tatu aliweka kisu, akachukua kofia, akatoka nje kwenye baridi na kikohozi chake. Alitoka ili nisimwone akitazama nitakachoandika.

Volkmar, ningeandika hapana ningekuwa nimemkana mume wangu naye yuko uani, kisha Jumapili niende altareni na uongo huo mdomoni. Nimeishi mjane wa kweli na mke wa kificho, lakini mwongo sijawahi kuwa. Niliandika ndiyo. Nikaweka na tarehe, nikaongeza: mbele ya Mungu. Nimeipeleka posta mwenyewe.

Usinikasirikie.

Shangazi yako,
Roswitha


Oldenburg, 5 Desemba 1986

Shikamoo Shangazi,

Leo sina salamu ndefu. Nina miaka ishirini na miwili katika kazi hii. Nimeona wajane wengi walioandika hapana ilhali ilikuwa ndiyo. Sijawahi kuona hata mmoja aliyeandika ndiyo ilhali ilikuwa hapana.

Kitakachotokea ni hiki. Watasimamisha malipo kuanzia Januari, na watakuomba cheti cha ndoa cha bomani. Wewe huna, kwa kuwa kwa sheria ndoa hiyo haipo. Hivyo umepoteza pensheni ya mjane bila kuwa mke wa mtu. Hakuna aliyekunyang'anya, umewapa mwenyewe.

Bado linatengenezeka. Nakili maneno haya kwa mkono wako, bila kuongeza lolote, uyatume leo: "Naomba radhi, swali la tatu nililielewa vibaya. Mimi ni mjane. Mimi si mke wa Bwana Alwin Dörfler, ambaye ni mpangaji katika nyumba yangu." Tia sahihi. Padri usimtaje, wala Mungu. Ofisi haina mahali pa kumwandika.

Biskuti zimefika. Asante.

Volkmar


Ochsenfurt, 18 Januari 1987

Mpendwa Volkmar,

Heri ya mwaka mpya. Baridi imetukamata shingoni, mto umeganda kando zote mbili, na bata wamebaki na kidimbwi katikati. Kikohozi cha Alwin kimepungua.

Malipo hayakuja, kama ulivyosema. Na cheti wamekiomba. Padri alinipa baraka, hakunipa karatasi.

Nimeyanakili maneno yako mara tatu. Kila mara nafika kwenye lile jina, mkono unasimama. Mara ya tatu Alwin aliniona. Alisimama nyuma ya kiti changu akayasoma mpaka mwisho, polepole, maana hana mazoea ya lugha yenu. Kisha akasema:

"Weka sahihi, mama. Mimi najijua nilivyo."

"Ukoje?"

"Mpangaji aliyebarikiwa. Wako wachache."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaitia karatasi kwenye jiko. Yeye alikasirika. Ni mara ya kwanza kugombana tangu kanisani. Alisema mimi nina miaka sitini na sita na goti bovu, na si wakati wa kuwa shahidi wa dini kwa tumbo tupu. Asubuhi yake alikwenda karakanani, akawasha moto uliolala miaka mitatu. Sasa anakata mapipa makuukuu anatengeneza vyungu vya maua kwa ajili ya mahoteli. Usiku nampaka dawa mgongoni. Tunakula supu ya dengu, na soseji siku ya Jumapili. Sijaweka sahihi, Volkmar, na sijui nitaweka lini, na naogopa.

Kuna lingine. Heike ameniletea kadi ya Noeli. Ameandika salamu zako kutoka Oldenburg na salamu za mama yake kutoka Bremen, kila moja na anwani yake chini. Mama mkwe huyo anaugua tangu mwaka jana mwezi wa tatu, haponi wala hafi. Mimi nimekuambia kila kitu, hadi habari za kitandani mwangu. Silke yuko wapi?

Shangazi yako,
Roswitha


Oldenburg, 22 Februari 1987

Shikamoo Shangazi,

Nimeianza barua hii mara kadhaa. Mimi ni mzima wa mwili. Heike pia.

Mama mkwe hana ugonjwa wowote, anacheza karata kila Jumatano. Silke aliondoka mwanzoni mwa mwaka jana, na mwezi ujao tunapeana talaka mahakamani. Pensheni yangu itagawanywa. Ile sehemu niliyoichuma tukiwa mume na mke, nusu yake ni ya Silke, ndivyo sheria inavyosema, na sheria haiulizi ni nani aliyefunga mlango akitoka. Hesabu za namna hiyo nimewaandikia watu kwa miaka mingi. Ilipokuja yangu niliikagua yote, sikuona kosa hata moja. Kisha nilijifungia chooni hapo hapo ofisini, nikalia. Sikuwa nalilia fedha. Nimeumia, Shangazi, na sikutaka uumie nami wakati umefurahi.

Sasa lako. Njia ni mbili. Ya kwanza ni ile sahihi, nami sikuombi tena uiweke. Nilipoandika zile sentensi nilikuwa nafikiria fomu. Sasa nina karatasi mezani kwangu inayosema Silke si mke wangu, kila neno lake ni kweli, na ninaona ni jambo zito mtu kulitia sahihi.

Ya pili ni bomani. Nendeni mkafunge ndoa ile ambayo serikali inaiona. Watakulipa ya miezi waliyoisimamisha, kwa kuwa kisheria ulikuwa bado mjane, na lile fungu la kukuaga, kisha basi. Mtaishi kwa bima ya Alwin na vyungu vyake, na itakuwa kwa kubana sana.

Lakini kipo kifungu ambacho sikukuandikia mwanzo, kwa kuwa nilidhani hakitakuhusu. Ndoa ya pili ikiisha, kwa talaka au kwa kifo, mjane anaweza kuomba pensheni ya mume wa kwanza irudi. Watapunguza tu kile atakachokuwa anapata kwa huyo wa pili. Kwa hiyo, kwa lugha ya ofisi, huipotezi, unaisimamisha. Alwin anatimiza sabini mwaka huu, wewe una sitini na sita. Ukitazama takwimu, hesabu si mbaya.

Samahani kwa sentensi hiyo ya mwisho. Nimeiacha kwa sababu ni kweli.

Mwanao,
Volkmar


Ochsenfurt, 5 Mei 1987

Mpendwa Volkmar mwanangu,

Marahaba, na pole. Pole kwa mwaka mzima ambao hukunipa nafasi ya kukupa pole. Nimekuwa nikikuombea wewe na Silke pamoja, sasa nawaombea mmoja mmoja, na ni kazi zaidi. Pentekoste uje huku. Usiniandikie kwamba kazi ni nyingi. Chumba cha juu ni kitupu, asparaga zimetoka bustanini, na Alwin anataka mtu wa kumshikia mbao.

Tulikwenda bomani tarehe kumi Aprili. Msajili alituuliza kama tumeshawahi kuishi anwani moja, Alwin akajibu kwamba tumewahi kuonana kwenye ngazi. Mlango ulikuwa wazi, watu walikuwa wanapita na mafaili yao, na hakuna aliyenong'ona. Sasa nina cheti. Padri Kilian alipoambiwa alisema afadhali, maana wajane wa kwaya wameanza kumchosha. Ofisi imeniandikia barua ya mistari mitatu: haki yangu imekoma. Miezi waliyoisimamisha na fungu la kuniaga vitalipwa kiangazi. Vikija tutaezeka karakana upya, inavuja juu ya moto.

Kile kifungu chako nilimsomea Alwin mezani, pamoja na umri wetu na ile hesabu yako. Alicheka mpaka kikohozi kikamrudia. Alisema basi hajamnyang'anya Ewald kitu, amemwomba tu amngojee kidogo. Tangu hapo amekuwa mtu mwepesi, anakula vizuri, hasemi tena anakula kwa nani.

Mimi sikucheka. Nilimtazama anavyovunja yai lake, na nikakuchukia wewe, Volkmar, kwa muda mfupi, kisha nikakusamehe. Hukuitunga wewe hiyo sheria, na walioitunga walitaka nisife njaa.

Alhamisi iliyopita, mwisho wa mwezi, nilikwenda benki kwa mazoea. Yule karani ananijua tangu enzi za Ewald. Aliangalia, akaangalia tena, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile pensheni ya marehemu mwezi huu pia haikuingia, na uso wake ulikuwa umejaa huruma. Nilimwambia asante sana. Miaka kumi na moja niliogopa mwezi ambao fedha ile haitaingia, na sasa naogopa mwezi itakaporudi. Nilitembea kwenda nyumbani haraka kuliko goti linavyopenda. Nilimkuta karakanani anagongea chuma kwenye pipa, jasho linamtoka.

"Benki wamesemaje?"

"Hakuna kitu."

"Pole, mama."

Nikamwambia asinipe pole. Amalize pipa lake, aje tule.

Shangazi yako,
Roswitha Dörfler